Uzi wa wakusanyaji wa fuwele za kalsaiti: kuchagua, kusafisha na kupanga kabatini

#1 MzeeWaKinywe

Wakuu salaam.

Kuna jambo linanikera kila nikikaa na madalali wa mawe hapa Arusha. Mtu analeta jiwe kutoka Mirerani: fuwele za kalsaiti zimekaa vizuri juu ya mwamba wake, kinywe (grafiti) cheusi kinang'aa pembeni, na katikati kuna kijipunje cha tanzanaiti. Linapigwa nyundo hapo hapo. Punje inafungwa kwenye karatasi, kalsaiti inaishia chini ya benchi. Mara nyingi ile punje ina nyufa, ikishachongwa haifiki hata nusu karati, na bei yake ni ya kubembeleza. Ingeachwa ilipozaliwa, wakusanyaji wanaokutana kwenye maonyesho ya mawe Tucson, Marekani, kila mwanzo wa mwaka au Munich, Ujerumani, kila Oktoba wangeigombania.

Mimi si mjiolojia wala dalali. Nakusanya, na nakusanya kalsaiti tu. Jamaa zangu wananicheka kwamba nimejaza nyumba chokaa. Hawajakosea: ni kalsiamu kaboneti, ile ile inayochomwa tanurini ikawa chokaa ya kupaka ukuta, ile ile iliyomo kwenye marumaru. Ila hii ya kabatini ilipata nafasi. Maji yenye madini yalipita kwenye uwazi ndani ya mwamba, yakapoteza hewa ya ukaa, kalsaiti ikaanza kujijenga ukutani bila kubanwa na kitu. Ndiyo maana ina nyuso na ncha. Na kwa wingi wa maumbo hakuna madini ya kuishinda. Yameorodheshwa zaidi ya 800. Zipo zilizochongoka, wakusanyaji wanaziita meno ya mbwa. Zipo fupi butu, vichwa vya misumari. Zipo bapa nyembamba, na zipo ndefu za pande sita ambazo mtu asiyejua ataapa ni kwatsi (quartz).

Jinsi ninavyochagua: naangalia ncha kwanza, kwa lenzi ile ya mara kumi wanayotumia madalali. Ncha ikigongwa inaacha doa jeupe la unga, na ndani yake utaona vijirangi vya upinde wa mvua. Watu wanadhani ni uzuri wa jiwe. Hapana, huo ni ufa. Kalsaiti hupasukia mielekeo mitatu, laini kabisa, na ule upinde ni mwanga unaocheza kwenye ufa uliokwisha kuanza. Jiwe la hivyo nikikaa nalo najua siku moja litaachia.

Baada ya ncha naangalia kama fuwele imekaa kwenye mwamba wake au imegundishwa. Gundi inajulikana: kwenye mshono kuna mstari unaong'aa mng'ao wa plastiki, na chembe za mwamba zimekaa juu ya gundi badala ya kushikana zenyewe.

La mwisho ni lebo, na hapa sina msamaha. Kipande kisichojulikana kimetoka wapi nakiacha hata kikiwa kizuri. Nataka mgodi, kitalu, mwaka, na niliyenunua kwake. "Mirerani" peke yake haitoshi. Mirerani, Kitalu D, shimo la fulani, hapo tunaongea. Lebo naiandika kwa penseli au wino usiofutika, na namba ile ile naiandika nyuma ya mwamba juu ya tone la rangi nyeupe. Karatasi hupotea, namba inabaki na jiwe.

Karibuni. Leteni picha, maswali, na ubishi.

#2 BintiWaPwani

Mkuu uzi mzuri sana. Swali la mwanafunzi: mimi nina jiwe jeupe lenye kung'aa, niliuziwa kama kwatsi. Nitajuaje ni kwatsi au kalsaiti bila maabara? Na je, naweza kwenda kujichukulia kule mapango ya Amboni? Nasikia yale mawe yanayoning'inia ni kalsaiti pia.

#3 MzeeWaKinywe

Dada, nianze na Amboni: ni kalsaiti kweli, na usiguse. Lile ni eneo la urithi, na jiwe la pango ukilivunja unatoka na kigingi cheupe kisicho na umbo, huku ukiacha kovu ambalo wajukuu wako watalikuta. Hata sokoni mkusanyaji wa maana hanunui jiwe la pango.

Kuhusu jiwe lako, chukua kisu cha kawaida ulikwaruze upande wa nyuma usioonekana. Kwa kipimo cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, kwatsi ni 7, kisu kitateleza. Kalsaiti ni 3, kitaingia na kuacha unga mweupe. Ukucha wako hautaikwaruza. Ukucha ukiingia, hiyo ni jasi. Ule unga wa kwenye mkwaruzo uwekee tone moja la siki. Ukitoa mapovu, tumemalizana. Tone moja, nyuma ya jiwe, halafu suuza. Usije ukatumbukiza jiwe zima kwenye siki ukaniletea lawama.

Kama ni angavu kuna njia ya kistaarabu zaidi. Chora mstari mmoja kwenye karatasi, weka jiwe juu yake. Kalsaiti itakuonyesha mistari miwili. Lizungushe taratibu huku umelilaza: mstari mmoja unatulia, wa pili unauzunguka. Kwatsi haitakufanyia hivyo kwa macho.

#4 MwalimuWaFizikia

Hapo kwenye mistari miwili mmenigusa kazini kwangu. Mwaka 1669 Mdenmarki Rasmus Bartholin ndiye aliyeandika jambo hilo kwa mara ya kwanza, akitumia kalsaiti angavu ya kutoka Helgustaðir, mashariki mwa Iceland. Mwanga ukiingia kwenye fuwele hiyo unagawanyika njia mbili zinazopinda kwa viwango tofauti, 1.658 na 1.486. Pengo hilo ni kubwa sana, ndiyo maana jicho linaliona bila chombo.

Mwaka 1808 Malus, Mfaransa, alishika kipande cha namna hiyo akitazama jua likiakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris. Akakuta akikizungusha, moja ya taswira mbili inafifia. Ndipo alipogundua kwamba mwanga ulioakisiwa na kioo huwa umechujwa mwelekeo, yaani mawimbi yake yanatikisika zaidi upande mmoja. Mwaka 1828 William Nicol akakata kalsaiti, akaigundisha tena, akapata kifaa cha kuchuja mwanga kilichotumika kwenye hadubini za wanajiolojia kwa zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo anayemcheka Mzee kuhusu chokaa, amwambie kwamba chokaa hiyo ndiyo iliyotufundisha mwanga.

#5 Kijana_wa_Sakina

Mwalimu umetupeleka mbali lakini poa. Mimi nina msiba. Nilinunua kipande kizuri cha meno ya mbwa, nikasafiri. Kurudi nakuta ndugu yangu amekiona kina kutu, amekisugua na dawa ya kusafishia choo ili kipendeze. Sasa nyuso zote zimekuwa na ukungu, hazing'ai tena. Kuna dawa?

#6 MzeeWaKinywe

Pole kijana. Hakuna. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi inakula uso wa kalsaiti papo hapo. Ule mng'ao ulikuwa ni uso wenyewe, na umeondoka. Wapo wanaopaka mafuta ili uonekane unang'aa. Ukiuziwa jiwe lenye utelezi wa mafuta ujue kuna kilichofichwa.

Nitaje kabisa utaratibu wangu wa kusafisha, maana hapa ndipo vipande vingi vinapokufa.

Udongo na vumbi la shimo: maji ya mvua au ya betri yale yasiyo na asidi, yaani maji safi yaliyochujwa, sabuni kidogo ya vyombo, na mswaki laini wa mtoto. Loweka usiku kucha kabla ya kusugua, udongo uachie wenyewe. Maji yawe na joto la chumba. Kalsaiti ikipata joto hutanuka upande mmoja na kunywea upande mwingine, kwa hiyo ukiitoa juani ukaitia kwenye maji baridi unaisaidia kupasuka. Mashine zile za mtikisiko za kusafishia vito, za sonara, msiweke kalsaiti humo. Zinafungua kila ufa uliokuwa umelala.

Kutu ni mtihani. Kwatsi tungeitia asidi ya oksaliki tukamaliza, lakini kwa kalsaiti asidi hiyo inaacha utando mweupe usiotoka. Wanaojua hutumia sodiamu dithionaiti iliyochanganywa na sodiamu sitreti na magadi ya kuokea, yaani sodiamu baikaboneti. Mchanganyiko huo unatoa kutu bila kuwa na ukali wa asidi. Unanuka kiberiti, kwa hiyo fanya nje, vaa glavu, funika chombo, usimwage kisimani. Kisha loweka kwenye maji safi ukibadilisha mara kadhaa. Na kabla ya yote jiulize kama ile kutu inaharibu kweli. Utando mwembamba wa rangi ya asali kwenye msingi wa fuwele mimi nauacha.

Kinywe kikiwepo, usisuguesugue. Kinachafua mpaka kwenye mikunjo ya fuwele, na kukitoa ni shughuli.

#7 FundiAluminiamu

Mimi si mkusanyaji lakini nimewatengenezea watu makabati ya vioo. Mteja mmoja alitaka kabati la mbao mpya ndani na nje, lipendeze sebuleni. Mzee unasemaje, mbao au aluminiamu?

#8 MzeeWaKinywe

Fundi umekuja wakati wake. Aluminiamu na kioo, bila kufikiri mara mbili.

Mbao nyingi, hasa mpya, na zile mbao za kiwandani za unga na gundi, hutoa mvuke wa asidi polepole. Sebule ina joto, kabati limefungwa, mvuke unabaki humo humo. Makumbusho za Ulaya zimeona kwa miaka mingi makombe ya baharini na mawe ya chokaa yakiota unga mweupe ndani ya droo za mwaloni. Makombe nayo ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo chukueni onyo. Mtu akishikilia mbao, basi iwe nje, na ndani apige kioo au bati lililopakwa rangi iliyokauka muda mrefu.

Ninachoomba mafundi: rafu za kioo cha milimita 6 kwenda juu, kwa sababu mawe ni mazito (kalsaiti ni mara 2.7 ya maji, na mwamba ulio chini yake pengine zaidi); milango ya kuteleza yenye brashi ya kuzuia vumbi; na taa za LED nyembamba zikae mbele juu, zikimulika kushuka na kurudi nyuma. Taa ikiwa nyuma ya fuwele angavu inapendeza kwa picha, lakini nyuso hazionekani. Taa za zamani zenye joto ziondoeni kabisa. Na kabati lisikae dirishani.

Kusimamisha kipande: naweka juu ya kibao cha akriliki, nashika kwa vipande vidogo vya ule mpira laini wa kubandikia mabango. Pointi tatu tu chini, zisizoonekana kwa mbele. Ukiweka nyingi, siku ya kukitoa utavuta fuwele ibaki kwenye mpira. Rangi ya nyuma ya kabati nimejaribu nyeupe, kalsaiti ikapotea. Kijivu cha wastani ndicho kinachofaa, japo kwa ile ya waridi ya Kongo nyeusi inaibeba vizuri zaidi.

Na msizipange kwa ukubwa jamani, kabati likawa ngazi. Kipande kimoja kikubwa, vidogo vichache kwa nafasi, basi. Zilizobaki zikae kwenye droo na vikasha.

#9 Mwana_Lualaba

Jambo bandugu. Miye niko Kolwezi. Munisamehe, Kiswahili yangu ni ya huku.

Muzee ametaja ile ya rose. Inatoka huku kwetu, Mashamba Ouest, na Musonoi pia ilitoa. Mu mine batu walikuwa wanatafuta shaba na kobalti, hii jiwe hawakuijali sana kwa kuwa kobalti yake ni kidogo. Lakini ni hiyo kidogo ndiyo inaipatia rangi. Bamoja wanaiuza kwa jina la sferokobaltaiti ili bei ipande. Ile ni jiwe ingine, ni kobalti kaboneti yenyewe, na iko ya kuhangaikia kuipata. Kama mutu anakuletea kisanduku kizima anasema zote ni sferokobaltaiti, mukatalie.

Ile ya kweli, utaona fuwele ndogo ndogo zimefunika jiwe, na pengine malakaiti ya kijani iko pembeni. Rose na kijani pamoja, hiyo ndiyo nzuri. Musiikate malakaiti.

#10 BintiWaPwani

Ndugu wa Kolwezi, Kiswahili chako kinaeleweka vizuri kuliko cha mkuu wetu wa mtaa. Rangi hiyo haiwezi kuwa ya kupakwa?

#11 Mwana_Lualaba

Ya kupakwa ipo ku soko ya watalii. Chukua pamba na asetoni, ile ya kutosha rangi ya kucha, pangusa nyuma. Pamba ikiwa rose, mutu alikudanganya. Tena angalia ndani ya ufa: rangi ya kupakwa inajikusanya mu ufa, ya asili inafuata fuwele.

#12 Mkenya_Jersey

Wadau, mimi niko New Jersey na hapa karibu kuna Franklin na Sterling Hill, migodi ya zinki ya zamani. Franklin ilifungwa 1954, Sterling Hill 1986, na siku hizi kuna makumbusho mbili. Kalsaiti ya hapa mchana ni ya kawaida kabisa, nyeupe chafu, huwezi kuinama kuiokota. Wakizima taa na kuwasha taa ya urujuanimno (UV) ya mawimbi mafupi, kalsaiti inawaka nyekundu kama makaa na wilemaiti, madini ya zinki yaliyo ndani yake, inakuwa kijani kibichi. Kazi ya manganizi hiyo. Nikaelewa kwa nini watu hujenga chumba kizima cha giza kwa sababu ya mawe.

Swali: kuna aliyejaribu hizo za Mirerani?

#13 MzeeWaKinywe

Nimejaribu kwa taa ile ya kukagulia noti, ambayo ni mawimbi marefu. Nyingine zilitulia tu, nyingine zilitoa waridi hafifu. Ya mawimbi mafupi sina bado. Anayenunua akumbuke miwani, ile taa inachoma macho na ngozi bila mtu kuhisi. Kioo na plastiki nyingi huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo usitegemee kuona kitu ukiwasha taa nje ya kabati lililofungwa.

Na Mkenya, uko karibu na maduka ya huko. Jihadhari na zile za Meksiko za machungwa na kijani zenye mwonekano wa pipi iliyonyonywa, mviringo laini. Hizo ni mapande yaliyotumbukizwa kwenye asidi ili yang'ae. Pia zile "fuwele" angavu zenye umbo la sanduku lililolala upande: nyingi si fuwele zilizokua hivyo, ni mapande yaliyopasuliwa. Ukigonga kalsaiti yoyote utapata umbo hilo, pembe za takriban nyuzi 75 na 105. Ni nzuri kwa darasa la Mwalimu, bei yake isizidi ya darasa. Fedha yako iweke kwa ajili ya zile za dhahabu za Elmwood, Tennessee, au pacha za kipepeo (fuwele mbili zilizokua zimeungana mfano wa mabawa) za Egremont kule Cumbria, Uingereza. Kalsaiti ina sheria nne za fuwele kuzaliwa pacha, na mimi mwenyewe bado natafuta kabati la kuziona zote nne pamoja.

#14 Kijana_wa_Sakina

Wakuu, upande wa sheria mbona mmepita kimya? Mimi nataka kumpelekea mjomba Oman kipande kimoja.

#15 Mpiga_Lebo

Nijibu mimi, nimefanya kazi karibu na hayo. Kwa Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri. Kuchimba kunataka leseni, kununua na kuuza kunataka leseni ya udalali au ya biashara kubwa, na kutoa nje kunataka kibali. Kipande chako kimoja si biashara, lakini ukikutwa nacho uwanja wa ndege bila karatasi, maelezo yako ndiyo yatakayopimwa. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, kionyeshe, kipimwe, upewe karatasi.

Kikiwa na tanzanaiti juu yake, hata punje, usitegemee mkaguzi atakiita kalsaiti. Ule ukuta wa kilomita 24 unaozunguka migodi ya tanzanaiti pale Mirerani haukujengwa 2018 kwa ajili ya mapambo. Nunua kwa mwenye leseni, weka risiti pamoja na lebo. Mzee hapo juu anapenda lebo kwa sababu za ukusanyaji. Mimi nazipenda kwa sababu zinaokoa watu.

#16 MzeeWaKinywe

Asante Mpiga_Lebo, hilo lilihitaji mtu wake.

Kijana, ukishapata karatasi, fungasha hivi: karatasi laini ya choo, mikunjo mingi, ikifuata mabonde ya fuwele bila kukandamiza ncha. Pamba usiweke, nyuzi zake zinang'ang'ania ncha na kuzing'oa. Kisha sponji pande zote, kisha kisanduku kigumu, na kisanduku hicho ndani ya kingine chenye sponji tena. Ukikitikisa usisikie kitu. Kibebe mkononi, usikipeleke kwenye mizigo.

Nina ombi langu pia. Kuna mtu wa Mbeya humu? Mwamba wa Panda Hill ni wa volkano lakini sehemu kubwa yake ni kalsaiti, iliyopanda kama magma ya kaboneti, tofauti kabisa na hizi zetu za maji. Nina nafasi rafu ya pili upande wa kushoto. Sitaki kikubwa, saizi ya ngumi inatosha, ila mwenye nacho aniambie kilitoka upande gani wa kilima na kwa ruhusa ya nani.

#17 Mnyalu_Songwe

Niko karibu mkuu. Nina jamaa aliyewahi kufanya vipimo pale. Nitamuuliza, ila nijuavyo ni jiwe la kijivu tu, fuwele zimebanana, hakuna ncha hata moja. Bado unalitaka?

#18 MzeeWaKinywe

Nalitaka hivyo hivyo. Mwambie asilioshe.